Kujipikilisha, Tope na Maji: Maswali ambayo Wazazi wa Watoto wa Chekechea Huuliza Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa na wazazi na walezi kila muhula: getini asubuhi, kwenye vikao, na kwa ujumbe wa simu usiku. Yanahusu zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6. Kila jibu linajitegemea, na pale linapogusa jingine tumetaja namba ya swali la kutazama.

## Mambo ya mwanzo

1. Mnaposema mchezo wa kuigiza na mchezo wa milango ya fahamu, mnamaanisha nini?

Mchezo wa kuigiza ni pale mtoto anapojifanya mtu mwingine, au anapokifanya kitu kuwa kitu kingine. Kujipikilisha kwa mchanga na majani, baba na mama (Kenya watoto huuita kalongolongo au cha mama), daktari na mgonjwa, konda na abiria, mama ntilie na wateja wake. Fimbo inakuwa pikipiki, kiatu kinakuwa simu.

Mchezo wa milango ya fahamu raha yake iko kwenye kugusa, kunusa, kusikia, kuona na kuonja: kufinyanga udongo, kumimina maji kutoka kopo hili kwenda lile, kutikisa chupa yenye mbegu ili asikie mlio. Mara nyingi michezo hii huchanganyika. Mtoto anaanza kuvuruga tope kwa sababu linateleza vizuri mkononi, na baada ya muda mfupi tope limekuwa ugali na wageni wameshakaribishwa.

2. Mtoto huanza kucheza hivi akiwa na umri gani?

Kushika, kutikisa na kutia vitu mdomoni huanza uchangani. Kujifanya huanza kuonekana kati ya miezi 18 na 24: anainua kikombe kitupu, anakunywa, kisha anamnywesha mdoli. Akifika miaka 3 ataunganisha mambo yafuatane, mdoli aogeshwe, avalishwe, alazwe. Miaka 4 na 5 wanapangiana nafasi na kugombana: "Jana ulikuwa mama wewe, leo mama ni mimi!" Msikimbilie kuuzima ugomvi huo. Kukubaliana nani awe nani ni kazi kubwa kwa akili ya mtoto.

Wa miaka 2 akicheza pembeni ya mwenzake bila kushirikiana naye, usihuzunike. Mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alieleza hatua hiyo mwaka 1932, na ni ya kawaida kabisa.

3. Nalipa ada, halafu mwanangu anarudi na mchanga kichwani. Ataanza lini kusoma na kuandika?

Swali hili ndilo tunalolisikia kuliko yote, na tunalichukulia kwa uzito kwa sababu tunajua ada inapatikanaje.

Kuandika kunahitaji vidole, kiganja na bega vyenye nguvu. Mtoto aliyefinyanga udongo, aliyekamua kitambaa kilicholowa na kuokota vizibo kimoja kimoja, atashika penseli bila kuibana mpaka ncha ivunjike. Kusoma nako kunahitaji jambo ambalo halionekani kwa macho: kuelewa kwamba kitu kimoja kinaweza kusimama badala ya kingine. Alama "m" si sauti, inasimama badala ya sauti. Mtoto anayelipa "nauli" kwa jani la mwembe ameshaanza kulielewa hilo.

Tazama watoto wawili wa miaka 5 wakicheza genge, yaani kibanda cha kuuzia mboga, chini ya mti. Mmoja amepanga mawe mafungu matatu matatu, ndiyo nyanya. Mwenzake analeta majani manne, anataka mafungu mawili. Muuzaji anakataa: fungu moja majani matatu, ongeza. Mnunuzi anakwenda kuchuma mengine, anarudi nayo, anahesabu kwa sauti, anaomba apunguziwe, anaambiwa "chukua moja la nyongeza". Hapo kuna kuhesabu, kuna kujumlisha, kuna lugha ya kubembeleza na kukataa kwa adabu. Hakuna daftari litakalompa mtoto wa umri huo yote hayo kwa pamoja.

Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, alizungumzia jambo hili mwaka 1933: katika mchezo wa kuigiza mtoto hujitawala kuliko anavyoweza wakati mwingine wowote, kwa sababu nafasi aliyoichukua ina kanuni zake. Aliyejifanya mlinzi atasimama mlangoni asitikisike. Mwambie asimame hivyo kwa amri tu, hataweza nusu ya muda huo.

Mtaala wa elimu ya awali wa Tanzania nao unataka mtoto ajifunze kwa michezo, darasani kukiwa na kona za kujifunzia. Kumketisha mtoto wa miaka 4 kutwa nzima akinakili irabu ni kumnyima haki yake. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, umeitaja haki ya kucheza waziwazi katika kifungu cha 31.

4. Anazungumza peke yake wakati anacheza. Ni kawaida?

Ndiyo. Anapanga mambo yake kwa sauti, na kadiri anavyokua sauti hiyo huingia ndani. Msikilize kwa mbali. Utamsikia anavyotumia maneno aliyoyaokota kwako, hata yale ambayo hukupenda ayaokote. Kama anazungumza na mtu asiyeonekana, tazama swali la 17.

## Vifaa na nafasi

5. Ni lazima ninunue midoli na vifaa vya dukani?

Hapana. Kitu kisicho na kazi moja maalumu humtumikia mtoto vizuri zaidi. Gari la plastiki linalolia litabaki gari, lakini boksi la sabuni litakuwa gari leo, kesho kitanda, keshokutwa duka la dawa.

Kusanya vifuu vya nazi, vizibo vya soda, makopo yasiyo na ncha kali, magunzi ya mahindi, vipande vya khanga na kitenge, masufuria yaliyotoboka, kipande cha mkeka. Gunzi lenye nywele zake bado limeshikilia ni mdoli tayari, anasukwa na kubebwa mgongoni. Shule za awali za Madrasa, zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980 chini ya Bi Swafiya Said na baadaye kuenea Zanzibar na Uganda, zilijenga madarasa yao kwa vitu vya namna hii vinavyopatikana mtaani, na watoto wake walikwenda darasa la kwanza wakiwa tayari.

Usivitoe vyote kwa siku moja. Toa vichache, vingine viweke juu ya kabati, na baada ya wiki ubadilishe.

6. Unga wa kuchezea unatengenezwaje nyumbani?

Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, kikombe 1 cha maji na kijiko cha mafuta ya kula. Changanya unga na chumvi kwanza, mimina maji kidogo kidogo, ukande kama wa chapati mpaka usinate vidoleni. Ukitaka rangi ya njano tia binzari; maji ya kiazisukari yatakupa waridi. Iliki au mdalasini uliosagwa utaleta harufu, na watoto wataunusa mpaka wapige chafya. Ufunge kwenye mfuko wa plastiki usikauke. Ukianza kunuka vibaya au kuota ukungu, utupe.

Usiliwe. Chumvi yake ni nyingi mno kwa mwili wa mtoto, na unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu. Kwa anayetia kila kitu mdomoni, subiri kwanza au kaa naye.

7. Kwetu kuchezea chakula ni dhambi. Tufanyeje?

Msichezee chakula. Tunaiheshimu sana hoja hii, na katika mtaa ambao nyumba ya jirani imelala njaa, kumwaga mchele sakafuni ili mtoto aupapase ni vigumu kuueleza. Udongo wa kichuguu uliolowekwa na kukandwa hufinyangika kuliko unga: watoto wa wafugaji wamefinyangia ng'ombe wenye nundu na pembe tangu zamani. Tumieni pia mchanga, maranda ya seremala, makumbi ya nazi, majani makavu, pumba. Tena mtoto anaweza kugusa chakula kwa kazi ya kweli: kuchambua mchele pembeni ya bibi, kumenya maharage mabichi, kukanda kipande chake cha chapati ambacho baadaye kitakaangwa na kuliwa. Hapo amepata kugusa na hakuna kilichotupwa.

8. Tunaishi chumba kimoja, nyumba ya kupanga. Nafasi iko wapi?

Beseni moja linatosha. Tandika gunia au turubai, weka beseni la mchanga au maji juu yake, na mpaka uwe huohuo: kilichomo kisitoke nje ya turubai. Khanga iliyofungwa kati ya kitanda na kiti ni nyumba kamili. Ua likiwa la wapangaji wote, elewaneni na majirani saa ambayo watoto wataruhusiwa kuchafua, na muwafundishe watoto kufagia wakimaliza. Wengi hupenda kufagia kuliko tunavyodhani.

Kuhusu nguo, tenga moja iliyochakaa iwe ya kuchezea tu. Mtoto anayechapwa kwa kuchafua nguo hujifunza kukaa bila kugusa kitu.

## Usalama

9. Ni vitu gani visifike mikononi mwake?

Chini ya miaka 3, chochote kinachoweza kupenya kooni: maharage, karanga, shanga, sarafu, vifungo, mabaki ya puto. Hata baada ya umri huo watoto hujisukumia mbegu puani na masikioni, kwa hiyo mtu mzima awe karibu.

Betri ndogo bapa za saa na rimoti ni hatari ya peke yake. Ikimezwa inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Usisubiri dalili, mpeleke hospitali mara moja. Betri za redio zilizopasuka nazo zitupwe mbali, watoto wasizichoree ukutani.

Mbegu za kuokota zichunguzwe. Zile nyekundu zenye doa jeusi za mturituri zinavutia mno, na zina sumu kali. Za mnyonyo na za mbono kaburi pia ni sumu. Na tafadhali, mafuta ya taa na dawa za kufulia zisiwekwe kwenye chupa za soda au maji ya kunywa. Mtoto aliyezoea kujifanya anakunywa, siku moja atakunywa kweli.

10. Anapenda maji kupita kiasi. Nimwache acheze?

Mwache, lakini usiondoke. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji ya kina kifupi, kimyakimya, bila kupiga kelele. Simu ikilia, nenda naye au mwaga maji kwanza. Maji machache kwenye beseni pana, vikombe viwili, chujio la chai na chupa iliyotobolewa chini vitamweka hapo muda mrefu. Ndoo, mapipa na visima vifunikwe wakati wote, hata siku asiyocheza.

11. Mchanga si utampa minyoo?

Unaweza, kama ni mchanga ambao paka na mbwa hujisaidia au uko karibu na choo. Minyoo ya safura hupenya ngozi ya nyayo, na mayai ya minyoo mingine huingia mdomoni kwa mikono michafu. Chagua mchanga safi, uanikwe juani, ufunikwe ukimaliza kutumika. Avae viatu, kucha ziwe fupi, anawe kwa sabuni kabla ya kula. Dawa za minyoo hutolewa kwa watoto kuanzia mwaka 1, ulizia kliniki. Chanjo za pepopunda zisirukwe, kwa kuwa mchanga huficha misumari na vigae.

Ukishafanya hayo, usimfungie ndani.

12. Anakula udongo wenyewe, si kuuchezea tu.

Kuonja mara moja moja kwa mtoto wa mwaka na nusu si ajabu. Akiwa amevuka miaka 2 na anautafuta kila siku, mpeleke apimwe damu na minyoo. Upungufu wa damu na tabia ya kula udongo mara nyingi huonekana pamoja. Kumchapa hakutaongeza damu.

## Wewe mtu mzima

13. Nicheze naye au nimwache?

Ukikaribishwa, ingia, na uwe mteja mwema. Akikuletea chai ya majani, inywe, uliza kama ina tangawizi. Usianze kumsahihisha kwamba daktari hashiki sindano hivyo, wala kugeuza mchezo kuwa mtihani wa "hii rangi gani?". Mtoto anahisi haraka mchezo ulipoacha kuwa wake, na atauacha.

Wanapokwama, ongeza kitu kimoja kisha ujiondoe: "Jamani, basi lenu limejaa, mwenye mtoto mgongoni atakaa wapi?" Hilo linatosha kuwapa nusu saa nyingine.

14. Simu na katuni haziwezi kufanya kazi hiyohiyo?

Hapana. Katuni humpa picha zilizokwisha kutengenezwa na hazimpi uzito wa mchanga uliolowa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri watoto wa mwaka 1 wasiwekewe skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 kwa siku, ikiwa chini ni bora. Mwongozo huohuo unataka wa miaka 3 na 4 wajishughulishe kwa mwili dakika 180 kila siku. Kubeba maji ya "kupikia" na kukimbiza "basi" huhesabika humo.

15. Dada wa nyumbani anasema kazi yake ni kumweka mtoto safi. Bibi naye hataki tope.

Wana hoja, kwa sababu wao ndio wanaofua. Kaa na dada mkubaliane: nguo ipi ni ya kuchafuka, saa ngapi, na kwamba siku mtoto akichafuka hatagombezwa yeye. Kwa bibi, muulize alikuwa akicheza nini utotoni. Wengi wao walijipikilisha kuliko sisi, na wakianza kusimulia huishia kumsukia mjukuu mdoli wa gunzi.

## Maswali magumu

16. Mwanangu wa kiume anapenda mdoli na jiko.

Anaigiza malezi anayoyaona. Ni mchezo, nao unamfunza kubembeleza na kuhudumia, mambo ambayo baba atayahitaji. Msichana anayejifanya fundi gereji naye aachwe afungue "injini" yake.

17. Ana rafiki asiyeonekana, ana jina na anatengewa chakula. Ndugu wanasema ni jini.

Marafiki wa kubuni ni jambo la kawaida kwa watoto wa umri huu, na mara nyingi hutoweka wenyewe mtoto anapoendelea na shule. Ukimuuliza kwa upole, wengi watakuambia "ni wa uongo-uongo tu". Imani ya familia hatuigusi. Tunachoomba ni kwamba asitishwe wala kupigwa kwa ajili ya rafiki huyo. Tafuta daktari kama rafiki huyo anamwamuru ajiumize, kama mtoto anamwogopa, au kama ameacha kula, kulala na kucheza na wenzake.

18. Nimewakuta wakicheza baba na mama wamevuana nguo. Nimetetemeka.

Tulia kwanza. Watoto wa rika moja kuonyeshana miili kwa udadisi, kwa muda mfupi, bila kulazimishana, hutokea. Waambie wavae, waeleze kwamba sehemu za siri hazichezewi na mtu, kisha wapeni mchezo mwingine. Msiwaaibishe, kwa sababu mtoto aliyeaibishwa hatakuja kusema siku atakapoguswa na mtu mzima.

Hali hubadilika ikiwa mmoja ni mkubwa kwa mwenzake, kuna vitisho au siri, mtoto ana maumivu, au anaigiza tendo la watu wazima kwa undani ambao hakupaswa kuujua. Hapo usimhoji kwa ukali. Mpeleke kituo cha afya, toa taarifa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure Tanzania na Kenya.

19. Wanacheza msiba. Wanazika mdoli, wanalia. Ni uchuro?

Mtoto aliyepelekwa msibani, au aliyefiwa, huurudia kwa mchezo ili aukubali kidogo kidogo. Mwache amalize, kisha kaa naye ajue unaweza kuulizwa. Hivyohivyo kwa bunduki za miti: weka masharti (hakuna anayelengwa asiyecheza, hakuna kurusha mawe) na uangalie kama kuna jambo aliloliona nyumbani au kwenye televisheni linalomtisha. Mchezo uleule ukirudiwa kwa wiki nyingi bila kubadilika, na mtoto akitoka humo na hofu badala ya raha, omba ushauri.

20. Wangu hataki kugusa tope, analia mikono ikichafuka.

Usimshike mkono ukaudidimiza. Anza na vitu vikavu, mbegu kubwa na maranda. Mpe kijiko au kijiti, weka maji ya kunawa karibu ayaone. Unaweza kufunga unga wa kuchezea ndani ya mfuko auminye bila kuugusa. Kama hata nguo, sauti na chakula vinamsumbua hivyo kila siku, soma swali la 21.

21. Ana miaka 2 na nusu, hajawahi kujifanya chochote. Anapanga vizibo mstari tu.

Kupanga mstari peke yake si tatizo. Tazama na mengine: anaitika akiitwa? Ananyoosha kidole kukuonyesha kitu? Anakutazama usoni? Anaiga? Yakikosekana kadhaa, au akipoteza maneno aliyokuwa nayo, nenda kliniki, naye apimwe masikio kwanza. Inaweza kuwa usikivu, inaweza kuwa usonji (hali inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu), inaweza kuwa amekosa tu wa kucheza naye. Usiambiwe "ataongea tu, baba yake naye alichelewa" ukakaa mwaka mzima, kwa kuwa msaada wa mapema hufanya kazi vizuri zaidi.

22. Mtoto asiyeona au asiyetembea atachezaje?

Kwa asiyeona, anza na sauti na harufu: makopo yenye mbegu tofauti ayatambue kwa mlio, vitambaa vya khanga, gunia na kitenge avitofautishe kwa vidole, maganda ya ndimu na majani ya mchaichai. Mwambie kilichopo kabla hajakigusa, na vitu vyake vikae mahali palepale kila siku. Kwa asiyetembea, inua mchezo umfikie: beseni juu ya kigoda, au mketishe kwa mito mikono ibaki huru. Kwenye genge yeye awe mwenye duka, wateja ndio waende kwake, na wiki inayofuata awe dereva, wenzake wakimsukuma.